Sura ya Sita: Kiti na Fundi Wake

Kivuko kinapofika Rugezi, upande wa Ukerewe, mlango wake wa mbele huteremshwa hadi ukagusa nchi kavu. Juu ya bamba hilo la chuma hupita basi lililotokea Bunda, hupita pikipiki zilizopakiwa kreti za soda, hupita akina mama wenye mabeseni na wanafunzi wenye mabegi. Mtu aliyeketi kwenye baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono, naye hupita hapohapo kwa nguvu zake mwenyewe. Mlango ule haukutengenezwa kwa ajili yake. Ulitengenezwa kwa ajili ya malori. Lakini gurudumu la lori likipata njia, la kwake nalo limepata.

Ipo njia nyingine ya kufika Nansio, mji mkuu wa Ukerewe: kupanda meli bandari ya Mwanza Kaskazini na kukaa majini saa tatu au zaidi. Meli ya abiria ina ngazi. Hapo baiskeli ileile hugeuka mzigo, na mwenyewe hugeuka mzigo wa pili. Vijana wawili humshika, mmoja kwapani na mwingine miguuni, "pole mzee, pole mzee", na mtu aliyetoka nyumbani kwake akijitegemea huanza safari akiwa amebebwa kama gunia la udaga. Ziwa ni lilelile, mikono yake ni ileile. Kilichoongezeka ni ngazi chache tu.

Watu wengi wakizungumzia ulemavu huanza na mwili: amepatwa na nini, ilikuwaje, atapona lini? Ukerewe, wilaya ya visiwa 38 ambayo sensa ya 2012 iliikuta na watu 345,147, humfundisha mtu kuanza kwingine. Huanza na bamba la chuma pale kivukoni, na mchanga wa njia ya kwenda sokoni, na fundi baiskeli aliyetandika gunia chini ya mwembe na kupanga spana zake. Humo ndimo uhuru wa mtu wa Nansio unamopimwa kila siku, na huyo wa mwisho, fundi, ndiye anayesahaulika kuliko wote.

Wanaotumia vifaa hivi si watu wa namna moja. Kuna kizazi cha polio, na kizazi hicho kinazeeka. Mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili nchini Tanzania alionekana mwaka 1996, na mwaka 2015 nchi ikathibitishwa kuwa imeutokomeza ugonjwa huo. Maana yake ni kwamba mtoto aliyepooza miguu enzi hizo leo ni mtu mzima, pengine mwenye wajukuu. Yeye na baiskeli yake ya mikono wamezoeana kama mvuvi na kasia. Tatizo lake jipya ni mabega, yaliyofanya kazi ya miguu kwa miaka 30 au 40 na sasa yanadai mapumziko.

Nyuma yake kinakuja kizazi kingine, cha kiharusi, cha kisukari, cha ajali za bodaboda. Hawa hawakukua na kifaa. Mzee wa miaka 60 aliyekuwa akienda kwa miguu kusali na kurudi, akiangushwa na kiharusi, hupewa mkongojo na kuuficha nyuma ya mlango. Anaona akionekana nao atakuwa amekiri jambo. Basi hukaa ndani, na kukaa ndani huanza kumla polepole, kukauzidi hata ugonjwa wenyewe: misuli hunywea, marafiki huja mara mbili na mara ya tatu hawaji.

Na wengi wa wanaoutoa mkongojo nje huushika vibaya. Mkono ulio sahihi ni ule wa upande wa pili wa mguu dhaifu, ili fimbo na mguu mgonjwa vikanyage pamoja na uzito ugawane. Watu huushika upande wa mguu unaouma, wakidhani wanauegemeza, kumbe wanajiinamisha juu ya maumivu. Urefu nao una kipimo chake: mtu akisimama wima na mikono ikining'inia, kishikio kifike kwenye kifundo cha mkono. Magongo ya kwapani yana siri yake pia. Jina lenyewe linadanganya, kwa sababu kwapa halitakiwi kubeba chochote. Juu ya gongo pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu, uzito ubebwe na viganja. Anayejitundika kwapani miezi na miezi hugandamiza mishipa ya fahamu, na siku moja huamka mkono umekufa ganzi. Ni maarifa ya dakika kumi. Magongo hutolewa kila mwaka bila dakika hizo kumi.

Kisa cha kiti mwendo ni kirefu zaidi, na sehemu yake moja ilianzia Tanzania.

Mwaka 2005 mwanafunzi wa uhandisi wa chuo cha MIT cha Marekani, Amos Winter, alikuja nchini kuchunguza hali ya watumiaji wa viti mwendo. Alichokikuta kila mkazi wa Nansio angemweleza bila utafiti. Kiti cha hospitali hufaa ndani ya nyumba na hushindwa nje, kwa kuwa vile vigurudumu vyake vidogo vya mbele, vyenye kipenyo cha sentimita 20 hivi, vilibuniwa kwa sakafu ya vigae. Vikikutana na mchanga huzama, vikikutana na jiwe husimama ghafla, na aliyekalia hurushwa mbele. Baiskeli ya magurudumu matatu ina tabia ya kinyume. Barabarani ni farasi, ina cheni na magurudumu makubwa na mahali pa kuweka mzigo, lakini mlangoni haipiti. Mwenyewe huiacha uani na kumalizia safari kwa kutambaa. Mtu mmoja, basi, alihitaji vyombo viwili, na wengi hawakuwa na uwezo wa kununua hata kimoja.

Jibu la Winter na wenzake lilikuwa kiti chenye nyenzo mbili ndefu, moja kila upande, za kusukuma mbele na kurudisha nyuma. Kwenye mlima au mchangani mtu hushika nyenzo juu, karibu na ncha, na kila msukumo huwa na nguvu kubwa kwa mwendo mfupi. Kwenye njia tambarare huteremsha mikono chini, akapata kasi. Gia ya kiti hicho ni mahali unapoweka mkono, kwa hiyo hakuna gia ya kuharibika. Akitaka kusimama huzivuta nyenzo nyuma, zikashika breki. Akiingia ndani huzichomoa, akabaki na kiti cha kawaida. Kwa vipimo vya wabunifu wenyewe, nyenzo hizo hutoa nguvu ya kuzungusha gurudumu iliyozidi ya kiti cha kawaida kwa asilimia 50, na kwenye tambarare mwendo huongezeka kwa asilimia 80. Mwaka 2009 mifano ya kwanza ilijaribiwa Kenya, Uganda na Tanzania, na waliokikalia hawakuficha la moyoni, hasa juu ya uzito na upana wake. Kikafanyiwa marekebisho, kikajaribiwa tena Guatemala na kisha India.

Lakini la kusisimua zaidi liko kwenye cheni, beringi na magurudumu: wabunifu waliamua kila sehemu inayozunguka iwe ya baiskeli ya kawaida, inayopatikana katika duka la spea la mji wowote mdogo. Walikuwa wamemwona yule fundi wa chini ya mwembe.

Kanda ya Ziwa ni nchi ya baiskeli. Kabla bodaboda haijaenea, mtu wa Mwanza, Shinyanga au Ukerewe alisafiri, aliuza samaki na hata alipelekwa zahanati nyuma ya baiskeli, na mpaka leo magunia ya mkaa, mikungu ya ndizi na madumu ya maji yanapita juu ya baiskeli za Phoenix zenye fremu iliyoungwa mara kumi. Penye baiskeli nyingi pana mafundi wengi. Fundi wa Nansio huziba pancha, hunyoosha ringi kwa kukaza na kulegeza spoki huku akilizungusha gurudumu na kulitazama kwa jicho moja, hubadili goroli zilizoliwa na mchanga, hukata cheni na kuiunga. Utaalamu huo wote unaweza kuhudumia baiskeli ya mtu mwenye ulemavu bila kozi wala semina, mradi baiskeli hiyo izungumze lugha yake: tairi la inchi 28 au 26, nati za spana zilizomo mfukoni mwake.

Kiti kilichofika kwa kontena kutoka mbali mara nyingi huzungumza lugha nyingine. Tairi lake ni la inchi 24 na la kipimo kisichouzwa sokoni, beringi zake ni za namba ngeni, skrubu zake hutaka ufunguo wa pembe sita. Siku ya kukabidhiwa kinang'aa. Baada ya masika mawili kigurudumu kimoja cha mbele kimevunjika masikio, na kiti hicho hutundikwa ukutani au hutumiwa na watoto kuchotea maji. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa utoaji wa viti mwendo katika nchi zenye kipato kidogo, likapanga huduma hiyo katika hatua nane: kuelekezwa, kupimwa, kuchaguliwa kifaa, kupatikana fedha, kukiandaa kifaa, kukilinganisha na mwili, kufundishwa kukitumia, na mwisho matengenezo na ufuatiliaji. Hafla nyingi za kukabidhi viti zina hatua moja tu, na ya tisa isiyoandikwa: picha.

Si utani mtupu. Kiti kipana mno humfanya mtu akae upande, mgongo ukapinda. Kiti kisicho na mto unaofaa huzaa vidonda vya mgandamizo kwa mtu asiyehisi makalioni, na kidonda hicho kikifika mfupani huweza kuua. Aliyefundishwa hujua kujiinua kwa mikono au kuegemea mbele na pembeni kila baada ya dakika 20 au 30 ili damu ipite. Aliyepewa kiti na kupigiwa makofi hajui.

Nchi haina upungufu wa elimu hiyo. Chuo cha TATCOT kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha mafundi wa viungo bandia tangu 1981, kikapokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika, na baadaye kikaanza kuwafundisha mafundi wa viti mwendo. Kenya, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, APDK, kilichoanzishwa 1958, hutengeneza viti na baiskeli za mikono katika karakana zake. Bombolulu ya Mombasa, iliyoanza 1969, imekuwa mahali pa kazi pa watu wenye ulemavu kwa zaidi ya nusu karne, na watalii huingia kununua shanga wakidhani ni duka tu. Tabu ni umbali. Moshi hadi Nansio ni safari ya basi ya siku nzima, kisha maji.

Wapo pia watu waliogeuza kifaa kuwa kazi. Mfano unaojulikana sana ukanda huu wa ziwa ni wa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambao watafiti Susan Reynolds Whyte na Herbert Muyinda waliuandika mwaka 2007. Watu wenye ulemavu wa miguu walivusha bidhaa mpakani kwa baiskeli za magurudumu matatu, na maofisa wa forodha wakawaachia bila kuwasumbua sana. Huruma ile, ambayo mahali pengine ingemfanya mtu akae kando ya barabara akinyoosha mkono, hapo ilikuwa mtaji. Baiskeli zilipanuliwa nyuma, zikabeba mizigo mizito, na vijana wenye miguu mizima wakaajiriwa kuzisukuma. Hebu fikiria mgeuko huo: anayesukumwa ndiye mwajiri, na anayesukuma ndiye anayesubiri ujira jioni.

Mwaka 2005 Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza, na kadiri ushuru ulivyopungua, ndivyo faida ya kupitishwa bila ushuru ilivyopungua. Biashara iliyosimama juu ya upendeleo ina msingi wa mchanga. Hata hivyo watu wa Busia walikwisha kuonyesha kwamba baiskeli ile ni gari la kazi, na gari la kazi halihurumiwi, hukodiwa.

Lugha yenyewe imechelewa kulitambua hilo. Kiwete, kipofu, kiziwi, kilema: Kiswahili kiliwapa wote kiambishi kilekile cha kikombe na kijiko. Wanaharakati waliposisitiza "mtu mwenye ulemavu" baadhi ya wazee walicheka kwamba ni maneno ya semina, lakini tofauti ipo na sikio linaisikia. Methali ya "hujafa hujaumbika" nayo hutumiwa kwa wema, ila aghalabu husemwa na mtu aliyesimama, akiwaza yatakayompata yeye. Aliyeketi hafikirii kuumbika wakati huo. Anafikiria namna ya kulivuka lile tuta mbele ya duka.

Mtu mwema mtaani humsaidiaje kulivuka tuta hilo? Hukimbilia kusukuma. Kiti hushikwa kutoka nyuma bila neno, kikasogezwa, na aliyekalia hushtuka kama mtu aliyeshikwa mabega gizani. Adabu ya Kiswahili inajua njia nzuri zaidi na imeijua siku zote. Ni kumzunguka mtu uwe mbele yake, "Shikamoo mama", kusubiri marahaba, kisha kuuliza: "Nikusaidie kusukuma, au unafika?" Mama akisema anafika, basi anafika.

Kwenye sheria Tanzania si maskini. Iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, inayotaka majengo ya umma yafikike, na mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia tatu yao wenye ulemavu. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 imesamehe ushuru vifaa vilivyotengenezwa mahususi kwa watu hawa. Kwenye ofisi nyingi za vijijini, hata hivyo, mlango bado una vidato vitatu, na pale ilipowekwa njia ya mteremko mara nyingine ni mkali kiasi cha kumfaa mbuzi. Kipimo kinachokubalika karibu dunia nzima ni moja kwa kumi na mbili: ukipanda sentimita 45 za kizingiti, njia iwe na urefu wa mita tano na sentimita 40. Fundi mwashi akiambiwa namba hiyo kabla hajachanganya saruji, gharama inayoongezeka ni mifuko michache. Akiambiwa baadaye, huanza kwa nyundo.

Kuna fedha pia, na hizi zinagusa Nansio moja kwa moja. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa ili utaratibu urekebishwe, na 2024 ikarudi. Maombi mengi ya mikopo midogo hufanana, iwe ufugaji wa kuku au duka la rejareja au cherehani. Hayana ubaya. Lakini katika kisiwa ambamo nyumba nyingi zina baiskeli na viti vilivyokwama vimetundikwa ukutani, kuna biashara moja ambayo imekaa inasubiri mwenyewe.

Wabunifu wakubwa wa vifaa hivi duniani wengi walikuwa watumiaji kwanza. Ralf Hotchkiss wa Marekani alipooza kwa ajali ya pikipiki mwaka 1966, kiti chake cha kwanza kikaharibika upesi, akaanza kutengeneza vyake, na akaishia kuanzisha shirika la Whirlwind lililofundisha karakana za nchi maskini kuunda viti vya njia mbovu. David Constantine wa Uingereza, mmoja wa waanzilishi wa shirika la Motivation mwaka 1991, ni mtumiaji pia. Motivation ilisambaza kiti chenye magurudumu matatu, la mbele likiwa moja na limesogezwa mbali na miguu ili kiti kisibinuke kwenye mteremko. Wazo la aina hiyo huja upesi zaidi kwa mtu aliyekwisha kuanguka kifudifudi.

Na kazi ya fundi baiskeli, ukiitazama vizuri, haihitaji miguu. Fundi mwenye miguu mizima huchuchumaa siku nzima mpaka magoti yanalia, kwa sababu ekseli ya gurudumu iko chini. Aliyeketi kwenye kiti, au kwenye mkeka, ekseli hiyo imemfikia kifuani. Anachohitaji ni mikono yenye nguvu, na mtu aliyeendesha baiskeli ya mikono kutoka Bukongo hadi sokoni kwa miaka 20 anayo ya kutosha. Hapo tena ndipo lugha mbili zinapokutana. Yeye huijua spoki ya Phoenix na pia ile beringi ngeni ya kiti cha kontena, kwa kuwa ya kwake ilishamshinda mara moja na ikabidi aitafutie ndugu yake Mwanza.

Orodha ya kuombea mkopo huo si ndefu. Spana za namba 14, 15 na 17, funguo za pembe sita, pampu ya kusimama, solusheni na viraka, kopo la goroli za saizi tatu, grisi, tairi kuukuu la gari la kukatia mipira ya chini ya magongo. Na kiwanja kidogo chenye kivuli, pasipo tuta, kando ya njia iendayo gatini.